Kaunti ya Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kufufuka kwa Uchumi na Matarajio Yake

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Lamu, wenyeji wake wanaoishi Mombasa, Nairobi na ng'ambo ambao wanafikiria kurejesha mtaji nyumbani, na yeyote anayetaka kuielewa kaunti hii nje ya picha za majahazi na punda. Msomaji ataona kwamba wazo moja linarudi katika majibu mengi: Lamu haijawahi kukosa bidhaa wala soko, bali mara kadhaa imefungiwa njia za kuyafikia yote mawili. Bahari ilifungwa usiku, msitu ukafungwa, barabara ikawa ya misafara ya ulinzi, na viwanja vya ndege vikakaa bila wageni. Kufufuka kunakozungumzwa leo ni kufunguliwa kwa njia hizo, moja baada ya nyingine, na si zote zilizokwisha kufunguliwa.

Kwa nini Lamu huitwa kaunti ndogo ilhali ardhi yake ni kubwa?

Udogo wa Lamu ni wa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 143,920, idadi ambayo ni ndogo kuliko ya kaunti nyingine yoyote kati ya 47 za Kenya, ilhali eneo lake linapita kilomita za mraba 6,000, kuanzia Kiunga kwenye mpaka wa Somalia hadi Witu inakopakana na Tana River. Ina maeneo bunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na wadi 10. Watu wake ni Waamu na Waswahili wengine wa visiwani, Wabajuni, Waboni, Waorma, Wagiriama, na wakulima kutoka bara waliopewa mashamba Mpeketoni na maeneo ya jirani tangu miaka ya 1970.

Uchache huo wa watu waliotawanyika visiwani na msituni ndio unaofanya kila kitu kiwe ghali. Mfuko wa saruji unaofika Mokowe, gati ya upande wa bara, kwa lori hushushwa na wapagazi, ukapakiwa mashuani, ukateremshwa tena gatini Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, kisha ukapandishwa mgongoni mwa punda hadi mlangoni mwa mjenzi, na kila mkono unaougusa una ujira wake. Mfuko huohuo ukielekea Faza au Ndau huongezewa safari nyingine ya bahari, na katika mkondo mwembamba wa Mkanda, chombo kilichopakia kikikutwa na maji kupwa hakina budi kusubiri yajae. Anayelinganisha bei za Lamu na za Malindi bila kuhesabu mikono hiyo atadhani wafanyabiashara wa visiwani wana tamaa.

Uchumi uliporomoka lini, na kwa sababu gani?

Hapakuwa na siku moja ya kuporomoka. Mnamo Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na muda mfupi baadaye majeshi ya Kenya yakaingia Somalia. Nchi za Magharibi zikawaonya raia wao wasifike Lamu, na hoteli zilizokuwa zikijaa msimu wa Desemba zikaanza kupunguza wafanyakazi. Kabla jeraha hilo halijapona, Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Majengo ya biashara yalichomwa moto, familia nyingi zikahama mashamba, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Amri ya namna hiyo ilirudi tena katika sehemu za kaunti mwaka 2017 na 2022. Septemba 2015 serikali ilianzisha operesheni ya Linda Boni katika msitu wa Boni, na jamii zilizokuwa zikitegemea msitu huo kwa asali, dawa na matunda zikajikuta zikiishi kando ya uwanja wa kijeshi.

Yakafuata mawili mengine yasiyohusu bunduki: marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018, ambayo iliigusa mikoko, na janga la korona, lililosimamisha ndege za abiria wa kimataifa kuanzia Machi hadi Agosti 2020. Kaunti iliyopigwa mara nne ndani ya miaka kumi haiwezi kupimwa kwa kipimo cha kaunti iliyopigwa mara moja. Wafanyabiashara wengi hawakufilisika kwa pigo lolote moja, bali walitumia akiba ya kwanza kuvuka pigo la kwanza, na lilipofika la pili hawakuwa na kitu mkononi.

Je, uvuvi umerudi ulivyokuwa?

Umerudi, lakini umebadilika. Kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa sababu za usalama, na asiyeijua bahari huenda akaliona jambo hilo kuwa dogo, kwa kuwa anadhani mvuvi angeweza tu kuvua mchana. Samaki wengi hutoka na kula usiku, nyavu za jarife hutegwa jioni zikaopolewa alfajiri, na samaki aliyevuliwa usiku hufika sokoni kabla jua halijamharibu, jambo la lazima pale ambapo barafu ni haba. Kumnyima mvuvi usiku ni kumwacha na mshipi, madema na kupiga mbizi. Marufuku hiyo baadaye iliondolewa, wavuvi wakatakiwa wasajiliwe na watambulike kupitia vikundi vyao vya usimamizi wa fukwe.

Kalenda ya mapato hufuata pepo. Wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo vidogo huweza kufika mbali. Wakati wa kusi, bahari huchafuka, na wenye mashua ndogo hubaki ndani ya miamba. Ndiyo maana mtu akiuliza Julai kama uvuvi umefufuka atapata jibu tofauti na atakalopata akiuliza Februari, na ripoti nyingi za maendeleo hazisemi ziliandikwa mwezi gani.

Bidhaa yenye thamani zaidi ni kamba mawe wa upande wa Kiwayu, Ndau, Kizingitini na Kiunga. Wapiga mbizi wa Kibajuni wana ustadi wao: humfunga pweza kwenye kijiti na kumpitisha mbele ya pango, na kamba, ambaye humwogopa pweza kuliko mwanadamu, hutoka mwenyewe. Tatizo halijawahi kuwa kumpata kamba. Tatizo ni kwamba lazima auzwe akiwa hai au akiwa amegandishwa vizuri, na asiye na friza wala boti ya kasi humuuzia mchuuzi aliyeko gatini kwa bei anayoitaka mchuuzi. Mara nyingi mchuuzi huyo ndiye aliyemkopesha mvuvi mafuta na nyavu, kwa hiyo bei imekwisha kupangwa kabla chombo hakijatoka. Kwa maoni yangu, kiwanda cha barafu kinachofanya kazi mwaka mzima Kizingitini kingeleta faida kubwa kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Vipi kuhusu wakataji wa mikoko?

Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na biashara ya boriti ni ya karne nyingi. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yakibeba tende na mazulia yalirudi na kusi hadi Arabuni na Ghuba yakiwa na miti ya Lamu, na bado kuna nyumba za zamani huko ambazo upana wa vyumba vyake ulipangwa na urefu wa boriti. Biashara hiyo ya nje ilizimwa mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza mikoko ng'ambo, ikabaki ya soko la ndani.

Msomaji wa mbali anapaswa kujua kazi yenyewe ilivyo. Wakataji huingia vijitoni kwa mashua wakiwa na maji ya kunywa na unga wa siku kadhaa, na hupanga safari zao kwa mwezi, kwa sababu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari huingia ndani kabisa ya msitu na kukieleza chombo karibu na miti iliyokatwa. Wakati wa maji mafu mzigo huo huo ungebebwa begani katika tope linalofika magotini. Miti hupangwa kwa unene: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Huuzwa kwa korija, yaani miti 20, na kila daraja ina bei yake.

Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini kote, kwa nia njema ya kulinda vyanzo vya maji milimani, na mikoko ya Lamu ikaingizwa humo ingawa hali yake ni tofauti. Familia ambazo hazikuwa na kazi nyingine zikakaa bila kipato hadi zuio lilipolegezwa kwa Lamu mwaka uliofuata. Si kweli kwamba wakataji ndio adui wakubwa wa mikoko. Wana leseni, hutakiwa kuchagua miti kwa kipimo, na ndio wa kwanza kuumia msitu ukiisha. Hata hivyo sehemu zilizo karibu na vijiji zimekatwa kupita kiasi, na vikundi vya wanawake vimeanza kupanda miche upya. Upandaji huo umekuwa chanzo kipya cha mapato kwa sababu wafadhili hulipia miche, lakini mche uliopandwa mahali ambapo maji hayapiti vizuri hufa, na mlipaji anayehesabu miche iliyopandwa badala ya iliyokua anajidanganya.

Watalii wamerudi?

Wamerudi, hasa Shela na upande wa Manda, ingawa hawajasambaa. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, hupata wageni wengi wa siku moja au mbili, nao hutumia fedha zao nyingi hotelini na chache sokoni. Nyumba kadhaa kubwa za mawe zimenunuliwa na wageni na kukarabatiwa vizuri, jambo lililowapa mafundi wa chokaa na wachonga milango kazi ya kudumu, ingawa limewapandishia wenyeji bei ya nyumba hadi vijana wengi wa mitaa ya Mkomani na Langoni wanajenga bara.

Kuna aina ya pili ya mgeni ambayo hesabu za hoteli hazimwoni. Mfungo Sita unapofika, Maulidi ya Lamu huwaleta watu kutoka pwani nzima na hata Komoro, na wengi wao hulala kwa jamaa, hula kwa jamaa, lakini hununua kofia, mashuka, halua, nauli za mashua na zawadi za kurudi nazo. Tamasha la utamaduni, lenye mashindano ya majahazi na mbio za punda, hufanya vivyo hivyo kwa wageni kutoka Nairobi. Katika miaka ambayo Wazungu waliogopa, wageni hawa ndio waliokiweka hai kisiwa, nami naona ni kosa kwamba mipango mingi ya utalii bado huandikwa kana kwamba mgeni ni lazima ashuke na ndege.

Bandari ya Lamu imeleta nini hadi sasa?

Ujenzi wa bandari ulizinduliwa Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, ikiwa sehemu ya LAPSSET, ukanda wa uchukuzi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ambao ulikusudiwa kuwa na barabara, reli, bomba la mafuta na viwanja vya ndege. Mpango kamili ni wa gati 32. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021 na Rais Uhuru Kenyatta, na gati tatu za mwanzo zimekamilika, kila moja ikiwa na urefu wa mita 400 na maji yenye kina cha mita 17.5, kina ambacho meli kubwa mno za makontena hukitafuta bila kukipata katika bandari nyingi za Afrika Mashariki.

Sasa upande wa pili. Reli haijajengwa, bomba la mafuta halijajengwa, na barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa imejengwa polepole huku wafanyakazi wake wakishambuliwa. Bandari ilikamilika kabla ya njia zake, ikawa kama nyumba nzuri isiyo na ngazi. Miaka ya mwanzo meli zilikuwa chache, na nyingi zilikuja kupakuliana mizigo, yaani kontena hushushwa kutoka meli kubwa na kupakiwa katika ndogo bila kugusa barabara ya Lamu. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023 yalibadilisha njia za meli duniani na kuifanya Lamu itazamwe upya, na mwaka 2024 shehena ya mbolea ya Ethiopia ilishushwa hapo, dalili kwamba soko la bara lipo iwapo barabara itapitika.

Kuhusu ajira, ni vyema kusema wazi. Bandari ya kisasa haihitaji makuli kwa mamia. Inahitaji waendeshaji wa winchi wenye vyeti, mafundi umeme, mawakala wa forodha na marubani wa meli. Kijana wa Hindi, mji wa bara karibu na bandari, aliyemaliza kidato cha nne bila mafunzo ya ziada hapati nafasi hapo isipokuwa ya ulinzi au usafi, na ufadhili wa masomo uliotolewa kwa vijana wa Lamu, ingawa ni wa maana, hautoshi kuziba pengo hilo kwa haraka. Faida iliyokwisha kuonekana iko kando ya bandari: nyumba za kupangisha Mokowe na Hindi, mabanda ya chakula, usafirishaji, na bei ya viwanja.

Wavuvi walilipwa fidia ya bandari?

Uchimbaji wa lango la bandari uliharibu maeneo ya kuvulia na kuzima njia za vyombo vidogo. Wavuvi na wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za mazingira safi, utamaduni na kupewa habari zilikuwa zimekiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Baada ya mvutano wa muda mrefu pande mbili zilielewana kwamba sehemu ilipwe taslimu na sehemu iwe vyombo na vifaa vya kuvulia bahari kuu.

Funzo la kiuchumi lililo ndani ya kesi hiyo halitajwi sana. Fidia ya mara moja humlipa mvuvi aliye na jina katika orodha, lakini haimfikii mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki wa mvuvi huyo, wala fundi aliyekuwa akiziba mashua yake kwa kalafati. Wao walipoteza riziki ileile na hawakuwa na mahali pa kuandikwa.

Mradi wa makaa ya mawe umeishia wapi?

Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipangwa kujengwa Kwasasi. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kiwanda hakijajengwa. Anayenunua kiwanja Kwasasi leo kwa kutarajia mradi huo anacheza bahati nasibu.

Kilimo cha bara kina hali gani?

Mpeketoni, Hongwe, Mkunumbi, Hindi na Witu ndiko kunakotoka chakula cha kaunti na ziada inayokwenda Malindi na Mombasa: mahindi, maembe, korosho, ufuta, nazi, matikiti na pamba. Lamu ni miongoni mwa kaunti zinazozalisha pamba kwa wingi nchini, na ni zao linalofaa mahali penye mvua zisizotabirika, lakini mkulima wake ana malalamiko mawili ya kila mwaka: mbegu huchelewa hadi mvua za kwanza zimepita, na bei hutangazwa akiwa amekwisha kuvuna. Korosho nayo huuzwa ghafi, na faida ya kubangua huenda kwingine.

Ukame wa 2020 hadi 2022, ambao ulipitisha misimu mitano mfululizo ya mvua haba, uliwapiga wakulima na wafugaji pamoja. Ziwa Kenyatta, ambalo ndilo roho ya Mpeketoni, hupungua sana nyakati kama hizo, viboko wakakwama topeni na visima vya jirani vikaanza kutoa maji ya chumvi. Ukame ulipoisha, mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko yaliyokata barabara huko Gamba, na matikiti yaliyokuwa tayari yakaozea shambani. Mfugaji na mkulima wa Lamu hawagombani kwa sababu ya ukabila kwanza, kama wanasiasa wanavyopenda kusema. Hugombania njia ya kufikia maji, na ambapo njia za mifugo zimechorwa na kuheshimiwa, ugomvi hupungua sana.

Barabara na usalama vimebadilisha nini katika bei za kila siku?

Kutiwa lami kwa barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu, yenye kilomita 135, ndiyo hatua moja iliyoonekana zaidi katika maisha ya kawaida. Zamani masika yalipofika, basi liliweza kulala matopeni, na abiria wakalala nalo. Sasa matikiti ya Mpeketoni hufika Mombasa siku hiyo hiyo. Hata hivyo kwa miaka mingi magari yalisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, yakisubiriana asubuhi, na eneo la Nyongoro bado linatajwa kwa sauti ya chini na madereva. Mashambulizi ya Juni 2023 katika vijiji vya Juhudi na Salama yaliwakumbusha wote kwamba amani haijakamilika, na mpango wa kufungua mpaka na Somalia, uliotangazwa Mei mwaka huo, ukaahirishwa Julai.

Gharama ya ukosefu wa usalama haiko katika siku ya shambulio peke yake. Iko katika lori linalotoza zaidi kwa sababu haliwezi kurudi usiku, katika mwalimu anayeomba uhamisho kutoka Basuba, kwenye vijiji vya Waboni, na katika benki inayosita kukopesha kwa shamba lililoko ukingoni mwa msitu.

Je, ni salama kununua ardhi Lamu sasa?

Swali hili huulizwa sana na walioko ng'ambo. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza hati za zaidi ya ekari 500,000 zilizogawiwa kampuni 22 zifutwe, jambo linaloonyesha jinsi ardhi ya Lamu ilivyokuwa ikigawanywa mara tu bandari ilipotajwa. Vijiji vingi vya zamani havikuwa na hati kabisa, kwa kuwa wenyewe walikimbia vita vya mpakani miaka ya 1960 na waliporudi wakakuta makao yao yanaitwa ardhi ya serikali. Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na hati mkononi. Apekue katika masjala ya ardhi, atembee shambani akiwa na mzee wa mtaa na majirani, na aulize hasa ni nani alikuwa akilima au kulisha pale kabla. Ikiwa majirani wanatazamana kabla ya kujibu, asitoe fedha.

Serikali ya kaunti ina fedha kiasi gani za kusukuma uchumi?

Mgao wa Lamu kutoka kwa mapato ya taifa ulikuwa takriban shilingi bilioni 3.1 katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kati ya bilioni 370 zilizogawiwa kaunti zote, na ndio mdogo kuliko yote 47 kwa sababu mfumo wa ugawaji huipa idadi ya watu uzito mkubwa. Makusanyo ya kaunti yenyewe, kutoka kwa leseni, ushuru wa masoko, maegesho na ada za ardhi, ni sehemu ndogo ya fedha hizo. Lamu pia ni miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzoni kuwa zimeachwa nyuma na zinazostahili Hazina ya Usawazishaji, ambayo Katiba inaielekeza katika maji, barabara, afya na umeme, ingawa fedha zake zimechelewa mno kufika.

Mgao ukichelewa Nairobi, athari huonekana dukani Langoni ndani ya wiki chache. Mfanyakazi wa kaunti hukopa unga na mafuta, mwenye duka huandika katika daftari, kisha naye hushindwa kumlipa mwenye jumla wa Mombasa. Mkandarasi mdogo aliyejenga darasa au kisima na hajalipwa huacha kuomba zabuni, na kazi zinabaki kwa wenye mtaji wa kusubiri, ambao kwa kawaida si wenyeji. Ndiyo sababu naona ulipaji wa madeni ya wakandarasi kwa wakati ungekuwa hatua ya kufufua uchumi isiyohitaji mradi mpya hata mmoja.

Matarajio ya miaka mitano ijayo ni yapi?

Sitoi utabiri wa asilimia, kwa sababu uchumi wa watu wasiofika 150,000 huweza kupanda au kushuka kwa meli moja au shambulio moja. Kuna ishara chache zinazostahili kutazamwa. Ya kwanza ni kama mizigo inayoshushwa bandarini inaondoka kwa malori kuelekea Garissa, Isiolo na Moyale, au inaondoka tu kwa meli nyingine. Malori yakianza kupita kila siku, Hindi na Bodhai zitabadilika haraka, kwa mema na kwa mabaya. Ya pili ni Basuba na Kiunga: shule na zahanati za Waboni zikifanya kazi mfululizo bila kufungwa, hiyo itakuwa dalili ya amani ya kweli kuliko tamko lolote. Ya tatu ni maji ya Amu, ambayo hutoka katika vilima vya mchanga vya Shela. Visima hivyo vikiendelea kuingiwa na chumvi huku hoteli zikijengwa juu ya vilima vyenyewe, utalii utakuwa umejikatia tawi unalolikalia.

Uwezekano mkubwa, kwa maoni yangu, ni wa kaunti yenye kasi mbili: ukanda wa Mokowe, Hindi na Mpeketoni utakaokua kwa biashara na kilimo, na visiwa vya kaskazini, Pate, Ndau na Kiwayu, vitakavyoendelea kusubiri barafu, boti na daktari.

Mkazi anaweza kushiriki vipi katika maamuzi haya?

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaipa kila hatua tarehe yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayetaka gati ya Ndau au kisima cha Hongwe kiingie katika bajeti aombe mwezi Agosti, kwa sababu Mei huwa amechelewa. Maombi yaandikwe, yatiwe saini na watu wengi, yapelekwe kwa mwakilishi wa wadi na nakala kwa karani wa bunge la kaunti, na mwenye kuyapeleka adai nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wakazi wa Lamu Mashariki wana haki pia ya kudai mikutano ya maoni ifanyike kwao badala ya kuitwa Amu au Mokowe, na ipangwe siku ambayo maji hujaa asubuhi, kwa maana mkutano wa saa nne uliowekwa siku ya maji kupwa huwa umewafungia nje watu wa Mbwajumwali na Siyu kabla haujaanza.